Urani ya Namtumbo ikianza kutoka, sisi wa Mtwara na Lindi tunapata nini? Tuongee nyuklia bila ushabiki

Fundi Baridi (mleta uzi):

Kuchele wakuu.

Tangu Rais Samia azindue mtambo wa majaribio wa urani pale Mto Mkuju, Namtumbo, Julai 2025, vijiwe vya Mtwara vimejaa wataalamu wa nyuklia. Kijiweni kwetu Chikongola kuna mzee anaapa miaka mitano haiishi tutakuwa na kinu cha nyuklia Msanga Mkuu na umeme utakuwa wa bure. Anayekaa naye benchi moja anaapa watoto watazaliwa na vichwa viwili. Wanabishana hadi kahawa inapoa, na hakuna anayeuliza kinu hicho kinakula nini, kinatoa nini, na nyaya zetu zinaweza kukibeba au la.

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Nyuklia sijaisomea, ila umeme ndio unaonilisha na suala hili nimelifuatilia. Nimeona nilete hapa tulichambue wenyewe watu wa Kusini kabla hatujachambuliwa na watu wa Dar.

Nianze na sifa kuu ya nyuklia, yaani hewa ukaa. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, mwaka 2014 lilitoa makadirio ya gesijoto kwa kila uniti ya umeme, likihesabu tangu kuchimba, kujenga, kuendesha mpaka kubomoa mtambo. Makaa ya mawe gramu 820. Gesi asilia kwenye mtambo wa kisasa 490. Sola za mashamba makubwa 48. Maji 24. Nyuklia 12. Upepo wa nchi kavu 11. Hapo hakuna ubishi, nyuklia iko chini kabisa sambamba na upepo, na haisubiri upepo uvume.

Sasa jiangalie wewe wa Mtwara au Lindi. Miaka na miaka tulikaa nje ya gridi ya taifa, tukitumia mitambo ya gesi ya Mnazi Bay iliyoanza kutuwashia taa mwaka 2007. Kwa umeme huo, kila uniti unayonunua LUKU ina karibu nusu kilo ya hewa ukaa nyuma yake, pengine na zaidi, maana mitambo midogo ina ulafi kuliko ile mikubwa ya Kinyerezi, Dar. Halafu toka barabarani uhesabu malori ya makaa ya mawe yanayoshuka kutoka Ruvuma kuja bandarini kwetu. Mkoa umekalia gesi, na vumbi linalotupitia puani ni la makaa.

Hesabu moja ilinikalisha chini. Mtambo wa makaa wa megawati 1,000 unachoma takribani tani milioni 3 kwa mwaka. Kwa lori la tani 30, hayo ni malori laki moja. Kinu cha nyuklia cha ukubwa huo kinahitaji tani 25 hivi za mafuta ya urani kwa mwaka mzima. Lori moja, na nafasi inabaki. Kidonge kimoja cha mafuta hayo, chenye gramu 7 hivi, kinatoa nishati kama ya tani nzima ya makaa.

Kwa hiyo anayesema nyuklia ni uchafu sikubaliani naye. Tatizo langu liko kwingine. Nchi yetu kwa sasa haina pa kukichomeka kinu hicho. Na hata tungekuwa napo, hewa ukaa yetu sisi wa Kusini haitoki zaidi kwenye umeme. Inatoka jikoni, porini na kwenye vitu vibovu tunavyovitumia kila siku.

Pa kukichomeka ni hivi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine 9 za megawati 235, jumla 2,115, na mashine ya mwisho imekamilika 2025. Uwezo wa mitambo yote nchini sasa umevuka megawati 4,000, wakati matumizi ya juu kabisa yako karibu na 2,000. Wahandisi wa gridi wana kanuni, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki huikumbusha kila nchi inayotaka kuanza: mashine moja isizidi asilimia 10 hivi ya gridi. Fikiria watu wanaovuta jahazi ufukweni, nusu ya uzito kabeba mtu mmoja. Huyo akiteleza, wote mko chini. Kinu cha megawati 1,000 kikizimika ghafla kwenye gridi yetu, nchi nzima ni giza. Na vinu huzimwa, hata bila ajali, kwa ukaguzi na kubadilisha mafuta.

Bei sasa. Misri wanajenga El Dabaa, vinu 4 vya megawati 1,200 kila kimoja, walianza kumwaga zege 2022. Gharama yake inatajwa kuwa dola bilioni 30 hivi, na 25 kati yake ni mkopo wa Urusi. Bajeti yetu nzima ya 2025/26 ni trilioni 56 na ushee. Bilioni 30 za dola ni zaidi ya hapo. Bwawa la Nyerere lilitugharimu trilioni 6.5.

Sasa nije kwenye fani yangu, mnivumilie. Juzi kati nimefungua jokofu la mtumba la mama mmoja muuza juisi ya ukwaju pale Magomeni. Raba ya mlango imekauka, imechanika kona ya chini, kaibana kwa kipande cha kanga. Kompresa haipumziki, ukiigusa unatoa mkono haraka. Nikafunga kipimo: zaidi ya uniti mbili kwa siku. Jokofu jipya la inveta la ukubwa ule haligusi uniti moja. Piga hesabu: la mtumba uniti 60 kwa mwezi, jipya tuseme 24. Aliye kwenye kundi la bei nafuu anapewa uniti 75 tu kwa mwezi kwa shilingi 122 kila uniti, kodi ndani. Jokofu peke yake limemla 60! Taa, feni na redio vinamsukuma kwenye bei ya juu. Kwa sisi tunaolipa 356 kwa uniti, hizo uniti 36 zinazopotea ni Sh 12,800 hivi kila mwezi, na kwa umeme wa gesi ni kama kilo 18 za hewa ukaa. Jokofu moja. Mtwara mjini yako mangapi?

Na bado sijataja gesi ya kupozea iliyo ndani ya jokofu. Majokofu mengi ya mtumba yana ile iitwayo R134a. Kilo moja ya gesi ile ikiachiwa hewani inapasha dunia moto kuliko tani nzima ya hewa ukaa. Nawajua mafundi wenzangu wanaofungua vali na kuiachia tu, psssss, huku wanapiga soga.

Nimemaliza ya kwangu. Karibuni, matusi wekeni pembeni.

Msimu wa Korosho:

Uzi mrefu kuliko foleni ya mnada wa korosho kwenye chama cha msingi (AMCOS). Nimeweka kigoda, narudi nikishasoma.

Mwana wa Newala:

Mkuu Fundi umeandika vizuri ila umemalizia na uoga uleule wa Kitanzania. Ufaransa mwaka 1974, baada ya mafuta kupanda, waliamua tu, na leo karibu asilimia 70 ya umeme wao ni wa nyuklia. Falme za Kiarabu walianza kujenga mtambo wa Barakah 2012, kinu cha nne kimeingia kazini 2024, robo ya umeme wao inatoka pale. Wale wana mafuta na gesi kutushinda mara mia na bado wamejenga nyuklia! Kenya wanazungumzia kinu, Uganda wameshataja Buyende kama mahali pa kinu chao. Sisi wenye urani yetu wenyewe tunaambiwa tukabadilishe raba za majokofu. Kweli?

Kanuni ya asilimia 10 naikubali, lakini gridi hukua. Kinu kinachukua zaidi ya miaka 10 tangu mipango hadi umeme. Ukisubiri gridi ikue ndipo uanze, watoto wako ndio watakaosubiri.

Fundi Baridi:

Mwana wa Newala, hoja ya gridi kukua nakupa. Tukifika megawati 10,000 mashine ya 1,000 inaingia bila tatizo. Kuandaa watu, sheria na wataalamu kuanzia sasa sina ugomvi nako; Tume ya Nguvu za Atomiki tunayo Arusha, sheria yake ni ya 2003, kazi yake siyo ngeni.

Hiyo ya "urani yetu wenyewe" ndiyo inayopotosha watu. Kinachotoka Namtumbo ni unga wa urani, siyo mafuta ya kinu. Urani ya asili ina asilimia 0.7 tu ya ile aina inayogawanyika vizuri. Vinu vingi vinataka asilimia 3 hadi 5. Lazima igeuzwe gesi, irutubishwe, kisha itengenezwe vidonge, na viwanda vya kurutubisha viko kwenye nchi za kuhesabu. Urusi peke yake ina zaidi ya theluthi ya uwezo huo duniani, na mradi wa Mkuju wenyewe uko chini ya kampuni za Rosatom, shirika la nyuklia la Urusi. Kwa hiyo tutachimba, tutauza unga, halafu siku tukiwa na kinu tutanunua mafuta kama mteja mwingine yeyote. Falme za Kiarabu hawachimbi urani hata kiroba kimoja na wana vinu vinne. Kuwa na urani na kuwa na kinu ni mambo mawili.

Kuhusu vinu vidogo, najua utavitaja. Urusi wana meli yenye vinu viwili vya megawati 35 iliyofungwa bandari ya Pevek tangu mwishoni mwa 2019. Kwa gridi yetu ukubwa huo ungekaa sawa. Ila Marekani mradi wao wa kwanza wa vinu vidogo vya kampuni ya NuScale ulifutwa Novemba 2023 baada ya bei kupanda, kabla hata jiwe halijawekwa. Waacheni matajiri wavijaribu kwanza, bei ikishuka tutaongea.

Bint Mikindani:

Samahani kaka zangu, nyie mnaongea megawati, mimi nauliza mionzi. Kilifi, Kenya, kule Uyombo wenzetu waliingia barabarani 2024 kukataa kinu kisijengwe kwenye ufuo wao. Hawakuwa wajinga, ni wavuvi wenye pwani kama ya kwetu. Na sisi tunayajua ya 2013. Bomba la gesi lilipopangwa kwenda Dar watu walisema gesi haitoki, kuna waliopoteza maisha, na 2015 bomba likazinduliwa likaenda. Sasa mtu akiniambia "usiwe na wasiwasi, wataalamu wamepima" mimi mwili unasisimka. Na huo unga wa urani si utapita barabara hii hii ya Tunduru na Masasi?

Ngoni wa Namtumbo:

Dada, njia utakayopita mimi na wewe hatujui, tusizue. Huku kwetu wenye mradi wanasema ajira, wenye mashamba wanasema maji. Kumbuka eneo lile lilikuwa ndani ya pori la akiba la Selous mpaka 2012, Kamati ya Urithi wa Dunia ilipokubali mpaka usogezwe ili mgodi upate nafasi. Mto Mkuju ni maji ya bonde la Rufiji. Mimi swali langu kwa mgodi ni mabwawa ya tope lenye kemikali: yatajengwaje na nani atayalinda mgodi ukishafungwa. Kinu cha Msanga Mkuu ni cha kwenye kahawa. Tope ni la kweli.

Mwalimu wa Fizikia, Lindi:

Ngoni wa Namtumbo kapiga penyewe. Nimjibu Bint Mikindani taratibu maana anastahili jibu.

Unga wa urani wenyewe una mionzi hafifu. Ndani ya pipa lililofungwa, ukipitishwa kwenye lori, hatari yake kwako ni ndogo kuliko lori lenyewe kukugonga. Hatari halisi ni kuuvuta puani au kuula, kwa sababu ni metali yenye sumu inayoshambulia figo. Ndiyo maana wachimbaji na walio jirani na tope la mgodi ndio wanaopaswa kuuliza maswali makali kuliko sisi tulio njiani.

Kwenye vinu, tusifiche ajali. Chernobyl, Aprili 1986, kinu hakikuwa na jengo la zege la kuzuia mionzi kama vinu vingi vya kisasa, na waliokuwa zamu walikuwa wamezima baadhi ya mifumo ya usalama kwa ajili ya jaribio. Fukushima, Machi 2011, tetemeko vinu vilistahimili, vikajizima vyenyewe. Kilichowaangusha ni tsunami iliyozamisha jenereta za kupozea, kwa sababu kinu kilichozimwa bado kina joto linalohitaji maji kwa siku nyingi. Kule Japani waliokufa kwa taabu ya kuhamishwa, wazee na wagonjwa hasa, ni zaidi ya elfu mbili, wakati serikali imekubali kifo kimoja tu kuwa cha mionzi. Ukigawa vifo kwa kiasi cha umeme uliozalishwa, makaa ya mawe huua mamia ya mara zaidi ya nyuklia, kwa moshi wake na migodi yake. Ila moshi haupigwi picha ya ukurasa wa mbele.

Somo la Fukushima kwetu ni mahali. Kimbunga Kenneth, Aprili 2019, tulihamishwa Mtwara tukilala shuleni, kikageukia Cabo Delgado, Msumbiji. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilikata barabara ya Dar pale Somanga tukakaa kama kisiwani. Kinu cha pwani kinahitaji maji ya bahari ya kupozea, kama mtambo wa Koeberg wa Afrika Kusini unavyotumia Atlantiki tangu 1984. Lakini kinahitaji pia barabara na umeme wa akiba ambao haukatiki siku mbaya kuliko zote. Anayetaja Msanga Mkuu aanze hapo.

Taka, kwa ufupi: Finland wamechimba mwambani mita 400 na zaidi chini ya ardhi ili kuzizika. Inawezekana, ila ni kazi ya nchi inayopanga miaka laki moja mbele. Sisi tunapanga kwa uchaguzi.

Mtu wa Ligula:

Hizi habari za hewa ukaa ni za wazungu. Wao ndio waliochafua miaka 200, leo mmakonde wa Kitaya mwenye baiskeli anaambiwa apunguze. Apunguze nini?

Fundi Baridi:

Kwa hesabu ya nani kachafua uko sahihi, Mtanzania mmoja anatoa sehemu ndogo sana ya anachotoa Mmarekani. Mimi sikumwambia mtu wa Kitaya apunguze kwa ajili ya Marekani. Nimemwambia mama wa ukwaju kuna Sh 12,800 zinatoka mlangoni mwa jokofu lake kila mwezi. Hewa ukaa inapungua humohumo, bila hotuba.

Na nyaya zenyewe je? Kati ya uniti 100 zinazoingia kwenye mfumo wa nchi hii, kama 14 au 15 hupotea kabla ya kufika kwa mteja. Kwa matumizi ya megawati 2,000 hiyo ni karibu megawati 300. Laini inayotoka Songea kupitia Tunduru hadi Masasi, ya kilovolti 220, ya kutuunganisha na umeme wa maji wa Rufiji, kwangu mimi ndiyo nyuklia yetu. Ukitoa gramu 490 ukaweka 24 umepunguza asilimia 95 bila kurutubisha kitu.

Mwana wa Newala:

Maji nayo hukauka, Fundi. Mwaka wa ukame utarudi kwenye gesi ileile.

Fundi Baridi:

Ndiyo, ndiyo maana gesi siiziki. Ibaki akiba. Ninachopinga ni kuichoma usiku na mchana kupoza jokofu lililopasuka raba.

Mpiga Zege:

Wote mmesahau saruji. Mkoa wetu una kiwanda cha Dangote, uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, na mimi nimefanya vibarua vya viwanda vya saruji sehemu mbalimbali. Ukitengeneza klinka, yaani kiini cha saruji kabla ya kusagwa, unachoma mawe ya chokaa kwenye tanuru hadi nyuzi 1,450, na jiwe lenyewe ndilo linalotoa hewa ukaa. Karibu asilimia 60 ya hewa ukaa ya saruji inatoka kwenye jiwe, siyo kwenye kuni wala gesi wala makaa. Uweke nyuklia, uweke sola, ile asilimia 60 iko palepale. Kinachosaidia ni kupunguza klinka kwenye mfuko kwa kuchanganya majivu ya volkano au chokaa ghafi, na mafundi kuacha kumwaga zege kama wanamwagilia bustani. Nimeona msingi wa nyumba ya vyumba viwili umekula mifuko ya ghorofa.

Msimu wa Korosho:

Nimerudi, nimesoma. Nakubaliana na Fundi kwa asilimia kubwa, ila niongeze la kwetu. Maganda ya korosho. Viwandani tunabangua, maganda yanarundikana mlima, na yana mafuta makali, yakikugusa ngozi inachubuka. Wengine wanayachoma mabichi kwenye boila, moshi wake ukiuvuta unakohoa mpaka machozi. Ukiyakamua mafuta kwanza, yanauzwa, ndiyo yanayoingia kwenye rangi na breki za magari, halafu makapi yanayobaki yanawaka safi na kuendesha boila ya kuchemshia korosho zenyewe. Hununui kuni hata kipande. Taabu ni kwamba korosho nyingi bado inapanda meli na ganda lake kwenda India na Vietnam, kwa hiyo nishati yetu inasafiri na ganda, na dizeli ya meli tunalipia sisi kwenye bei.

Mzee wa Nachingwea:

Vijana, mkiongea miradi mikubwa kumbukeni ule mpango wa mashamba ya karanga. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta, wakapanga mamilioni ya ekari nchi hii, na huku kwetu wakatuletea reli kutoka baharini hadi Nachingwea. Udongo hawakuuliza, mvua hawakuuliza. Mwaka 1951 mpango umekufa, na miaka ya sitini mwanzoni reli ikang'olewa. Bandari ya Mtwara yenye kina kirefu ndiyo iliyobaki, na mpaka leo tunakula matunda yake. Sisemi nyuklia ni karanga. Nasema mradi ulioanzia kwenye hesabu za London bila kuuliza udongo niliuona mwisho wake nikiwa mtoto.

Mama Ntilie wa Feri:

Nyie wanaume mna maneno. Fundi kasema hewa ukaa iko jikoni halafu akakimbilia jokofu. Jikoni ndiko niliko mimi.

Nimepika kwa kuni miaka yote, mkaa baadaye. Ming'oko, ile mizizi ya porini, ukiichemsha kwa kuni unakaa hapo nusu siku, macho mekundu. Mwaka jana mwanangu kaniletea presha kuka ya umeme. Nilikuwa siiamini, nikaiwekea maharage kilo moja, nikakaa nayo LUKU mkononi naangalia uniti. Haikufika uniti moja. Mkaa wa maharage hayo ulikuwa Sh 2,000, na siku mkaa una unyevu zaidi. Wali bado napikia mkaa kwa sababu sufuria yangu ya wali ni kubwa kuliko hicho kijungu, na wateja wanataka ukoko.

Umeme ukikatika katikati usifungue mfuniko, joto lililomo linaendelea kuivisha. Niliufungua mara ya kwanza, maharage yakawa kama kokoto. Wake za mabalozi wanaotufundisha nishati safi kwenye semina hawasemi hilo.

Mwalimu wa Fizikia, Lindi:

Mama kamaliza. Kama kaya nane kati ya kumi nchini zinapika kwa kuni na mkaa, na kwa takwimu za serikali tunapoteza zaidi ya hekta 400,000 za msitu kila mwaka. Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Misitu ya Liwale na Kilwa inakatwa kwa mashamba ya ufuta na kwa mkaa unaopanda malori kwenda Dar. Kinu hata kingekuwepo kesho, mti wa Liwale kisingeuokoa kama mama hana soketi jikoni.

Shuleni kwetu tulikuwa na jiko la kuni la wanafunzi wote, likapigwa marufuku kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100. Sasa tunatumia gesi ya mitungi. Inaletwa kwa lori kutoka Dar hadi huku kwetu tuliokalia gesi asilia. Shirika la petroli, TPDC, limeunganisha nyumba kadhaa Mtwara mjini na pale Mnazi Mmoja Lindi kwa bomba. Hiyo kazi ikifika kwenye mashule na mahospitali yetu, nitaacha kulalamika angalau kwa muhula mmoja.

Mtu wa Ligula:

Haya. Mimi nimekubali jikoni, hewa ukaa bado siikubali.

Bint Mikindani:

Mama Ntilie, hiyo presha kuka inakula wati ngapi? Nyumba yetu ni ya kupanga, soketi moja tu chumba kizima, na tunaishi na ekstensheni. Naogopa kuchoma nyumba ya watu.

Mama Ntilie wa Feri:

Fundi atajibu hilo, mimi najua kubonyeza tu.

Fundi Baridi:

Nyingi za lita 6 ni wati 1,000 hivi. Hiyo soketi ya ukutani inaibeba, mradi isiwe imelegea. Ukichomeka plagi ikicheza au ukisikia inatoa mlio, mwite fundi umeme kwanza. Ekstensheni za bei rahisi za sokoni nyaya zake ni nyembamba mno, zinachemka hata kama juu pameandikwa ampea 13. Chomeka presha kuka ukutani moja kwa moja, ekstensheni iachie simu na taa. Baada ya dakika kumi za kupika shika plagi: ikiwa ya vuguvugu ni sawa, ikiwa ya moto zima. Na wakati unapika usipige pasi.